Shajara ya mradi: Jeli ya harufu kwa chambo cha plastiki laini, Chwaka, Unguja

13 Januari 2024: Lengo na vifaa

Tunatengeneza kitu cha kupaka kwenye chambo bandia cha plastiki laini ili samaki wa mikoko ya Chwaka aisikie harufu, adone, na asiteme kabla mvuvi hajawahi kukaza mshipi. Walengwa ni changu na chewa. Kolekole na mzia tumewaacha kando kwa makusudi: hao huwinda kwa macho, na chambo kikipita mbio mbele yao hukibamiza kabla harufu haijawafikia.

Masharti ni manne. Kila kiambato kipatikane Unguja bila kuagiza. Kilo moja isivuke shilingi 10,000. Kisioze kwa joto la kaskazi. Kisiharibu plastiki.

Vifaa: mizani ya jikoni inayosoma gramu, kipimajoto cha jikoni, chupa ya chai ya lita 2, sufuria mbili ambazo hazitarudi tena kupikia chakula, blenda, kitambaa cha melikani cha kuchujia, mabomba ya sindano ya mililita 10 (bila sindano zake), na chupa za kioo zenye vifuniko vya kubana. Kioo ni lazima tangu mwanzo. Plastiki laini nyingi ni PVC iliyolainishwa kwa kimiminika cha mafuta ambacho kinaendelea kuhama taratibu, na kikigusa kikopo cha plastiki ngumu ya bei rahisi, kikopo kinaanza kunata na kuyeyuka. Kwa sababu hiyo hiyo usichanganye sanduku moja chambo cha PVC na zile za raba inayovutika sana: siku mbili tatu juani, unakuta donge moja.

20 Januari: Sifa na nta

Ukimuuliza mvuvi yeyote wa pwani, atakuelekeza kwenye mafuta. Tulianza huko. Mililita 200 za sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa vyombo, na gramu 30 za nta ya nyuki ili yawe mazito. Nta iliyeyushwa kwenye bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, sifa ikamiminwa juu yake, ikakorogwa hadi ikapoa. Matokeo ni marhamu laini ya kahawia inayoshika vizuri kwenye plastiki, na inanuka hadi nyumba ya tatu.

Pua ya binadamu si kipimo. Kipimo tulichotumia, na ambacho tunamsihi kila anayefuata kazi hii akitumie kabla ya kwenda baharini, ni cha glasi. Jaza maji ya bahari kwenye glasi refu. Tia rangi ya chakula ya maji, nyekundu, ndani ya unachokipima. Paka chambo, kishushe kwa uzi mpaka katikati ya glasi, kisha kaa utazame bila kutikisa meza.

Kwa sifa na nta, kwanza rangi yenyewe ilikataa kuingia. Ilibaki vidonge vidogo vyekundu ndani ya mafuta. Chambo kiliposhushwa, utando mwembamba ulipanda juu ya maji na kutulia pale uking'aa. Chini, kwenye chambo, hakikutoka kitu. Maji yaliyokizunguka yalibaki meupe hata baada ya nusu saa.

Hapo ndipo penye shina la mradi mzima. Samaki hasikii harufu ya kitu kisichoyeyuka majini. Kinachomwita changu kwenye kamba au ngisi ni asidi amino kama glisini na alanini, pamoja na betaini na vitu vingine vidogo vinavyoyeyuka kwenye maji na kusambaa na mkondo. Mafuta hayavibebi. Ukisaga uduvi ukauchanganya na mafuta, umeufungia harufu ndani ya koti lisilopitisha maji. Na mafuta yenyewe hupanda juu, ilhali chewa yuko chini kwenye shimo lake. Mafuta yana kazi yake kwa anayemwaga chambo juu ya maji kuvuta samaki wa kuelea, lakini kazi yetu siyo hiyo.

Hasara ya pili ilionekana asubuhi yake. Chambo za raba inayovutika zilizolala ndani ya marhamu zilikuwa zimevimba, zimerefuka, na mikia haichezi tena. Raba hiyo hunywa mafuta. Za PVC zilisalimika, ila zilikuwa na utelezi usiotoka kwa sabuni.

Tumeachana na sifa. Papa nao si wa kuchezea, wamepungua mno.

27 Januari: Mafuta ya makonyo

Haya, mafuta ya vikonyo vya karafuu, yameingia kwa sababu yapo tele na watu wanayasifu kwamba yanaficha harufu ya mkono na petroli. Tulitia matone 10 kwenye mililita 100 za maji ya chumvi, tukaloweka chambo za PVC usiku mmoja. Zilitoka zinanata, rangi imechuja, na ncha za mikia zimelegea.

Hata zisingelegea, yasingefaa. Mafuta ya karafuu, yawe ya makonyo au ya majani, ni eujenoli kwa sehemu kubwa, na eujenoli ndiyo dawa ya ganzi wanayotumia wafugaji na watafiti kumlaza samaki kabla ya kumpima. Kumpaka samaki ganzi puani wakati unamwita aje ni kazi inayojipinga yenyewe. Usitie karafuu.

3 Februari: Supu ya vichwa vya kamba, chungu cha kwanza

Baada ya mafuta, njia ni maji. Vichwa vya kamba hununuliwa kwa bei ndogo sokoni maana wengi huvitupa, na ndani yake, kwenye ule uteute wa rangi ya chungwa, mna vimeng'enya vikali vya kamba mwenyewe vinavyomeng'enya protini. Tukaongeza papai bichi, kama anavyofanya mtu anayelainisha nyama ya mishkaki: utomvu wake una papaini, kimeng'enya kinachokatakata protini kuwa vipande vidogo na asidi amino. Protini nzima ni kubwa mno, haina mvuto mkubwa puani mwa samaki. Vipande vidogo ndivyo vinavyotakiwa.

Chungu hiki kiliharibika kwa sababu mbili zilizoingiliana.

Ya kwanza ni chumvi. Gramu 500 za vichwa zilikatwa, zikatiwa gramu 100 za chumvi papo hapo kama anayetengeneza ng'onda, halafu maji na papai. Chumvi nyingi hupunguza nguvu ya vimeng'enya. Nyama ikabaki imeshika magamba.

Ya pili ni joto. Ndoo iliwekwa kivulini, nyuzi 30 hivi, usiku kucha, kwa matumaini kwamba muda utafidia. Nyuzi 30 ni joto zuri kwa bakteria kuliko kwa papaini, na chumvi ile ilikuwa chache mno kuwazuia ilhali ilitosha kuvidumaza vimeng'enya. Asubuhi kifuniko kimetuna, povu la kijivu juu, harufu ya amonia. Watu husema kinachonuka zaidi ndicho kinachovuta zaidi. Si kweli kwa samaki anayekula vitu hai au vilivyokufa sasa hivi: harufu ya uozo humwambia kwamba hapa hakuna chakula kizuri. Chungu kilifukiwa shambani.

10 Februari: Chupa ya chai

Dawa ya matatizo yote mawili ilikuwa joto sahihi kwa saa chache, na chumvi mwishoni. Papaini hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 55 hadi 65, joto ambalo bakteria wengi wa kuozesha hawaliwezi. Kulishikilia joto hilo juu ya mkaa ni kazi ya kukodolea macho. Chupa ya chai hulishikilia yenyewe.

Utaratibu uliokubali: suuza vichwa gramu 500 kwa maji ya bahari, vikate kwa mkasi vipande vitatu vitatu. Suuza chupa ya chai kwa maji yanayochemka, mwaga. Tia vichwa, kisha mililita 500 za maji yaliyotoka kuchemka, tikisa, pima. Ukiona nyuzi 60 au chini yake kidogo, ndipo utie gramu 50 za papai bichi lililokunwa na ganda lake, kwa sababu utomvu mwingi uko karibu na ganda. Funga. Saa 4 hadi 5, ukitikisa kila baada ya nusu saa.

Mpangilio huu una sababu. Ukimwaga maji ya kuchemka moja kwa moja juu ya papai, umekiua kimeng'enya kabla hakijaanza. Na vichwa viwe vimeshapoteza ubaridi: vile vilivyotoka kwenye barafu muda uleule vilishusha joto hadi chini ya nyuzi 50, na kazi ikalegea. Viache vifikie joto la jikoni kwanza, au pasha upya sufuriani ukikoroga hadi nyuzi 60, kisha rudisha.

Dalili ya kumaliza: magamba yanaelea matupu, masafi, ukiyabonyeza hayatoi nyama, supu ni ya rangi ya matofali na ukitikisa inatoa povu jembamba. Mimina yote sufuriani, chemsha kwa dakika 10 kamili ili vimeng'enya vife (umuhimu wa hili utaonekana hapo chini), chuja kwa melikani, kamua. Ikipoa, tabaka la mafuta ya chungwa litakusanyika juu. Liengue ulitupe, maana ni mafuta, na mafuta tumeshayajadili. Rudisha motoni pole pole hadi zibaki mililita 320.

Utomvu wa papai huunguza ngozi, vaa glovu. Mwenye mzio wa kamba asiikaribie kazi hii kabisa, hata mvuke wake.

Uduvi mkavu pia tuliujaribu, gramu 150 badala ya vichwa. Unafaa pale vichwa vinapokosekana, lakini una mchanga, na mchanga hula blenda na kuziba bomba. Uroweke, ukoroge, acha mchanga utue, chota wa juu. Supu yake ni dhaifu kidogo kwa sababu vimeng'enya vyake vimekufa kwa jua au kuchemshwa. Papai ndilo hufanya kazi yote.

17 Februari: Jelatini haikuganda

Supu ni maji. Ukipaka chambo, mtupo mmoja imekwisha. Inahitaji kitu cha kuishika na kuiachia kidogo kidogo.

Jelatini ya dukani ilitiwa kwenye supu ambayo, kwa haraka, ilikuwa imepashwa tu bila kuchemka. Ilikaa kwenye friji usiku mzima na asubuhi ilikuwa majimaji vilevile. Jelatini ni protini, na papaini iliyo hai hula protini: iliikata yote. Ndiyo sababu ya zile dakika 10 za kuchemsha.

Kwa supu iliyochemshwa sawasawa, iliganda vizuri. Kisha chupa ikawekwa juu ya meza saa sita mchana, ikayeyuka. Jelatini haivumilii zaidi ya nyuzi 30 na kidogo. Kwa nchi za baridi inafaa. Kwa Chwaka mwezi wa pili haifai, na hakuna kipimo cha kuiongeza kitakachobadilisha hilo.

Wanga wa mahindi nao ulijaribiwa siku hiyohiyo. Unatoa uji unaoshika, ila unachachuka upesi usipotiwa chumvi ya kutosha, na majini unakatika mapande. Tumeuacha.

24 Februari: Mwani

Jibu lilikuwa linaanikwa pwani mbele ya macho yetu. Wakulima wa Zanzibar, wengi wao wanawake, wanalima mwani wa kuuza nje tangu 1989, na unakokwenda unatolewa karajinani, kitu kinachogandisha maziwa, dawa za meno na mengine mengi. Sisi hatuhitaji kiwanda: mwani ukichemshwa na kusagwa unatoa jeli inayotosha.

Aina ni mbili na tofauti yake ndiyo iliyotula muda. Kotonii, ule mnene, hutoa karajinani ya kapa. Jeli yake ni ngumu, inakatika kama muhogo mbichi, na baada ya siku moja inatoa maji pembeni. Supu yote yenye harufu inabaki chini ya chupa na jeli juu haina kitu. Spinosamu, ule wa miiba mifupi na bei ya chini, hutoa karajinani ya aiota. Jeli yake ni laini, inavutika, haitoi maji, na ina sifa moja tunayoithamini kuliko zote: ukiivuruga kwa kuisukuma kwenye bomba inakuwa nyepesi, na ikitulia kwenye chambo inashikana tena. Nunua spinosamu.

Gramu 30 za mwani mkavu ziroweke kwenye maji baridi ya kunywa usiku mmoja, ubadilishe maji mara mbili tatu hadi chumvi na mchanga vitoke. Utavimba sana. Chemsha kwenye mililita 600 za maji safi kwa dakika 35 hadi 40, saga kwenye blenda ukiwa wa moto (usijaze blenda, mvuke hurusha kifuniko), chuja kwa kukamua ungali wa moto. Unatarajia gramu 400 au zaidi kidogo.

Makosa ya hatua hii yalikuwa kwenye chumvi na siki.

Mwani uliochemshwa kwenye maji ya bahari haukuachia jeli ya kutosha; chumvi huuzuia usifunguke. Uchemshe kwenye maji matamu, chumvi ije baadaye. Lakini ikija yote kwa mkupuo kwenye jeli inayopoa, huganda ungali unakoroga, kwa sababu chumvi hupandisha joto ambalo jeli inashikia. Kujaribu kuiyeyusha yote kwenye supu nako hakukufaa: mililita 100 za maji hubeba kama gramu 36 za chumvi, hivyo supu ya mililita 320 haiwezi kumeza gramu 200, na nyingine ikabaki chini kama changarawe. Suluhisho ni kuigawa: gramu 100 kwenye supu ya moto, gramu 100 kwenye mwani uliochujwa, vyote viwili viwe juu ya nyuzi 80, kisha changanya na mimina kwenye chupa mara moja.

Siki ilitiwa sufuriani ili kuongeza kinga dhidi ya kuoza. Jeli ikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa na haikurudi. Asidi pamoja na moto hukata minyororo ya karajinani. Chumvi peke yake, kwa kiasi hiki, iko karibu na kiwango cha mwisho ambacho maji yanaweza kubeba, na bakteria wa kuozesha wanashindwa humo. Siki haina kazi hapa.

Mapishi ya kilo moja, kama yanavyosimama sasa:

- supu iliyopunguzwa, gramu 320
- jeli ya spinosamu, gramu 400
- chumvi laini, gramu 200
- gliserini ya duka la dawa, gramu 80

Gliserini inaingia mwishoni. Bila yake jeli iliyo kwenye chambo hukauka juani kati ya mtupo na mtupo, ikaacha gamba jeupe la chumvi ambalo huchubuka na kuondoka na kila kitu.

Kipimo cha glasi kilirudiwa na rangi ileile nyekundu. Chambo kiliposhushwa hapakutokea kitu kwa muda mfupi, kisha nyuzi nyembamba nyekundu zikaanza kushuka kutoka mkiani, moja, halafu mbili, zikijipinda hadi chini ya glasi na kutandaa pale kama moshi mzito. Zinashuka kwa sababu jeli ina chumvi nyingi kuliko bahari, hivyo ni nzito. Kwa samaki anayekaa chini, hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta: harufu inakwenda alipo.

2 Machi: Majini, maji mafu

Tulichagua maji mafu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo, kwa kuwa wakati wa bamvua ghuba ya Chwaka hukauka eneo kubwa na mkondo kwenye mikoko huwa mkali mno kulinganisha chochote. Fimbo mbili, chambo za aina moja, rangi moja, chubwi ya gramu 7, moja ina jeli na nyingine haina, na wavuvi wakibadilishana kila baada ya dakika 20 ili mkono mzuri wa mtu usihesabiwe kuwa ni jeli nzuri.

Kwa uvuvi wa polepole, chambo kikiburuzwa na kusimamishwa chini, tofauti ni ya wazi. Changu kwenye chambo kitupu hugusa mara moja na kuondoka. Kwenye chenye jeli hudona, huondoka, hurudi, na akichukua hukaa nacho kiasi cha kumpa mvuvi nafasi ya kukaza. Faida kubwa ya jeli iko hapo, kwenye muda wa kushika. Haimwiti samaki kutoka mbali kama watu wanavyotumaini.

Kwa kuvuta mbio hatukuona tofauti. Usipoteze jeli.

Shida mbili zilijitokeza. Jeli iliyopakwa juu juu ilikatika kwa mitupo michache. Na bunju walikuja kwa wingi: harufu huwaita pia, na meno yao hukata mkia wa PVC pasipo fimbo kutikisika. Unainua, chambo nusu.

16 Machi: Kuishikisha

Jeli isipakwe juu, iingizwe ndani. Njia zilizofanya kazi, kwa mpangilio wa ubora:

Chambo chenye tumbo wazi hujazwa kipande cha sifongo kilichokatwa saizi ya tundu, kisha jeli husukumwa kwa bomba hadi itokeze nyuma. Sifongo huishikilia hata kwenye mkondo, na huachia kila chambo kinaposimama. Hii ndiyo bora, na ndoana ipite nje ya sifongo, vinginevyo haizami kwenye mdomo wa samaki.

Chambo kisicho na tundu ndani hupasuliwa tumboni kwa wembe, mstari mmoja wa kina cha milimita 3, usifike mkiani, la sivyo mkia hupoteza mtikisiko wake. Jeli hujazwa humo.

Chambo chenye mikunjo mwilini hupakwa kwa kusugua kidole kinyume cha mikunjo. Kinafaa kwa wastani.

Kuloweka chambo ndani ya supu kwa siku kadhaa hakuna maana kwa PVC ya kawaida, haingizi maji. Zile zilizotiwa chumvi kiwandani hushika kidogo, kwa kuwa chembe za chumvi zikiyeyuka huacha vitundu juu ya ngozi yake.

Kuhusu bunju: tulihamia chambo za raba inayovutika, ambazo haziumwi kirahisi. Kwa jeli hii ya maji hazivimbi, tofauti na marhamu ya Januari. Tuliziacha ndani ya chupa wiki nzima na zilitoka na urefu uleule. Wakiwa wengi kupita kiasi, inua chambo nusu mita kutoka chini au hama.

Mikono isiwe na petroli ya mashine, krimu ya jua wala dawa ya mbu. Ile yenye DEET hailetiwi mzaha, huyeyusha PVC na alama ya vidole hubaki kwenye chambo. Sugua mikono kwa mchanga na maji ya bahari kabla ya kushika chupa.

20 Aprili: Masika

Mvua imeleta maji ya matope kutoka kwenye mikoko na hapa jeli imeonyesha thamani yake kuliko wakati wowote. Samaki haoni, ananusa. Chambo hushushwa na kuachwa chini muda mrefu, bila kuchezwa sana. Hongwe wamekuwa wengi. Miiba yao ya mgongoni na ya mbavuni ina sumu, washike kwa koleo.

Kilichobadilika ni kiasi: maji ya mvua juu ni mepesi, na jeli huyeyuka upesi zaidi kwenye maji yenye chumvi kidogo. Jaza mara kwa mara.

1 Juni: Hali ya chupa, na gharama

Chupa za 24 Februari zilizokaa kivulini nje ya friji ni nzima: rangi imekuwa nyeusi kidogo, harufu bado ya kamba, hakuna ukungu, kipimo cha glasi bado kinatoa nyuzi. Moja imeota madoa meupe chini ya kifuniko. Chupa hiyo ilikuwa inachotwa kwa kidole chenye maji; matone ya maji matamu hutengeneza juu sehemu yenye chumvi chache na ukungu huanzia hapo. Imetupwa. Vuta kwa bomba kavu, daima.

Gharama ya kilo moja, kwa shilingi za Tanzania: vichwa vya kamba 1,500, papai bichi dogo 500, mwani 50, chumvi 200, gliserini 3,000, mkaa 1,000, chupa nne za kioo za mtumba 2,000. Jumla 8,250, na kilo inayofuata ni 6,250 kwa kuwa chupa zinarudi. Gliserini ndiyo inayokula pesa. Tulijaribu kuipunguza hadi gramu 40 na gamba la chumvi likarudi, kwa hiyo inabaki 80.

Vilivyopotea njiani: sifa 6,000, nta 4,000, mafuta ya makonyo 5,000, jelatini 3,000, vichwa vya vyungu viwili vilivyoharibika 3,000. Jumla 21,000. Anayeanza na mapishi ya 24 Februari hatazilipa.

Linalofuata ni kubadilisha vichwa vya kamba kwa matumbo ya ngisi, kwa utaratibu uleule wa chupa ya chai. Wino utolewe kwanza, maana huziba melikani. Yatakapokuwa tayari, kipimo cha glasi kitaandikwa hapa kabla ya habari yoyote ya samaki.